Majisifu ya Shemeji Talum

Shemeji yangu Talum, mdogo wa marehemu mume wangu Dahu, aliajiriwa kufukua barabara kila mlima ulipoimwagia udongo, na hakuchelewa kazini hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi kijijini humzungumzia kwa bunduki tu.

Dahu alipofariki, Talum ndiye aliyewachukua wanangu wawili, Tiang na Biung, akawapandisha kwenye mawindo ya ukoo wetu. Walipanda kila mwaka baada ya palizi ya ulezi, wakakaa siku tano. Hawakuacha hata walipohamia mjini Taichung na kuzoea lifti. Talum alitembea nyuma yao siku zote, ili amwone anayechechemea. Kila jiwe la kupumzikia alilijua kwa jina la babu aliyewahi kulikalia, na hakuna aliyegusa maji kabla ya kulitamka jina hilo. Asiyemwona mnyama mzima, kichwa hadi mkia, hakuruhusiwa kuweka kidole kwenye kifyatulio.

Miiko aliishika yote. Mwaka mmoja mke wa Tiang, Shufen, mtoto wa mjini, alikuja kuwaaga, akapiga chafya gari likiwa limeshawaka. Talum akalizima.

"Teremsheni mizigo."

"Kwa chafya moja tu, baba mdogo?" Tiang alilalamika.

"Ulitaka ngapi?"

Shufen alikuwa karibu kulia. Talum akampa kisu na tangawizi. "Menya, mwanangu. Umetuepusha na mvua, leo tunakula nyumbani." Mvua haikunyesha siku ile, wala yeye hakuitaja tena chafya. Waliondoka kesho yake, na tangu hapo Shufen hakosi kuja kuwaaga, leso puani.

Miaka mitatu iliyopita macho ya Talum yalianza kuingia ukungu. Hakuna aliyelazimika kumwambia. Walikuwa bondeni, nguruwe mwitu yuko mbele yao, naye akamkabidhi Biung bunduki. "Mimi naona wawili," alisema. "Nikimpiga yule wa uongo, tutakula nini?" Kuanzia siku hiyo akawa mpishi wa safari.

Lakini sisi Wabunun, watu wa milima ya Taiwan, tuna siku ya kujisifu. Wanaume huchuchumaa kwa duara, kikombe cha pombe ya ulezi kikizunguka, na kila mmoja hupaza sauti kutaja alichokifanya mlimani. Kila kauli yake hurudiwa na duara zima, na mwisho hutaja ukoo wa mama yake. Kwa hiyo anayedanganya huwadanganyisha wote, halafu huupiga uongo huo muhuri kwa ukoo wa mama yake. Miaka miwili Talum alisingizia goti. Mwaka huu wazee walimwita kwa jina, na mnyama pekee tuliyempata, dume kubwa la nguruwe, alikuwa ameuawa na Biung.

Asubuhi ile Biung alimfuata uani. "Baba mdogo, yule nguruwe mchukue wewe. Mimi nitanyamaza, na kaka pia."

Nami, kwa kuogopa nyumba yetu isichekwe, nilisema goti linaweza kuuma mwaka wa tatu.

"Shemeji," Talum aliniambia, "wewe ni mwalimu. Uliwahi kumwacha mtoto anakili daftari la mwenzake?"

Alivaa koti lake jekundu akaenda.

Alipochuchumaa tu, binamu yake Husung alimrukia. "Talum! Mwaka huu utatutajia wali?" Watu wakaangua kicheko. Talum naye akacheka, akapokea kikombe.

"Mimi ni Talum!"

"Mimi ni Talum!" duara likaitikia.

"Macho yana ukungu!"

Mtu mmoja alikohoa. Kisha wakairudia, sauti chini.

"Nguruwe ni wa Biung!"

Wakairudia.

"Wali nimepika mimi!"

Hapo hawakuwa na la kufanya. Wanaume hamsini, na Husung akiwamo, walitangaza mbele ya wake zao kwamba wamepika wali. Wanawake tulishikana mabega kwa kucheka.

Talum hakucheka tena. "Nimepanda na watoto wa kaka!"

"Nimepanda na watoto wa kaka!"

"Mara kumi na tisa!"

"Mara kumi na tisa!"

"Nimewashusha wote!"

Milima yetu ina magenge ya miamba. Katika duara lile zilikuwepo nyumba zilizopandisha watatu zikashusha wawili, na nyumba moja ilimtafuta mtu wake kwa mwezi mzima. Kauli ile ilirudiwa kwa nguvu hata mbwa wakabweka. Tiang aliinamisha kichwa. Biung alikuwa akiifuta pua kwa kiganja.

"Mama yangu ni Takiludun!"

"Takiludun!" wakaitikia, na mkewe Abus, aliyesimama nyuma yake, akaruka kama msichana, miaka sitini na minne ile.

Kikombe kikaenda kwa Husung. Alikaa nacho, akakitazama. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amejiandaa kutaja kulungu watatu. Alimtaja mmoja.