Teklia na Mayai ya Wifi Yake

Teklia Hrynchuk alipikia watoto wa shule miaka mingi, akazika mume, akalea wana wawili, na katika mtaa wetu wa Waukraine kaskazini mwa Winnipeg, Kanada, hakuna aliyemzidi kwa kukunja pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Angetosheka na hapo, angekufa na heshima zake. Lakini sifa ina ulevi wake.

Kanisani kwetu kuna kabati la kioo lenye mayai ya Pasaka, yaliyoandikwa nyota na kulungu kwa nta. Watu walipoyasifia, Teklia aliinamisha macho na kusema, "Ah, mikono tu." Hakusema mikono ya nani. Ilikuwa ya Paraska, wifi yake, mtu wa maneno machache, ambaye sasa vidole vinamtetemeka na anaishi nyumba ya wazee.

Basi watu wa makumbusho wakaja na mradi wao: wazee wafundishe vijana, wenyeji wafundishe wageni, na wote wawe wamependana ifikapo saa kumi. Binti wa makumbusho, Kaitlin, akamwomba Teklia afundishe mayai. Angekataaje? Mjukuu wake Larysa alikwisha kuitangazia shule nzima.

Siku ikafika, ukumbi wa kanisa ukajaa akina mama wa Kifilipino na watoto wao, marafiki wa Larysa, na wazee walioletwa kwa basi. Miongoni mwa wazee, kwenye kiti cha magurudumu, Paraska.

Teklia akashika yai jeupe. "Haya, wanangu." Akachora mistari ya nta juu ya yai, akalitumbukiza kwenye rangi nyeusi. Akalitoa, akachora tena, akalitia kwenye njano. Likabaki jeusi. Akalitia kwenye nyekundu. Jeusi tii.

"Mama," akauliza Marivic, Mfilipino aliyekaa mbele, "hiyo njano inatokea saa ngapi?"

"Subira, mwanangu."

"Bibi, labda limenuna!" akasema Larysa, na wenzake wakaangua kicheko.

Yeyote kati yetu aliyewahi kukaa mezani na mama yake wakati wa Kwaresima anajua: nta hulinda rangi iliyo chini yake, kwa hiyo huanza rangi nyepesi, nyeusi hufunga kazi. Wazee wakaanza kukohoa. Teklia akamtazama Paraska, akiomba moyoni amtukane, yaishe. Paraska akainamia vidole vyake. Miaka yote alijua, na miaka yote alinyamaza. Hapo ndipo uso wa Teklia ulipoiva kama bitiruti.

"Sijui," akasema. "Yale ya kabatini ni ya wifi yangu. Mimi sijaandika yai hata moja maishani."

Kaitlin akapiga makofi, machozi yakimlenga. "Ukweli wa namna hii! Ndiyo maana halisi ya mradi wetu!" Akamwomba arudie mbele ya kamera. Ukumbi ukashangilia. Teklia alitamani ardhi ipasuke.

Larysa hakushangilia. Alibeba kiti chake, akampita bibi yake bila kumtazama, akaketi kando ya Paraska.

"Bibi Paraska, tunaanza na rangi gani?"

"Njano." Kisha, bila kuinua uso: "Wifi, usitusimamie kama mnara wa kengele. Chukua yai jingine, kaa na wanafunzi wenzako."

Teklia akachukua yai jeupe, akajipenyeza kati ya watoto wawili wa Marivic. Wao walikuwa wameshafika kwenye nyekundu.