Avenue Iliyo Chini ya Maji

Kila asubuhi, kabla hajachemsha hata chai, Laurette huenda kwake. Mwili hubaki Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira, katika chumba cha kupanga chenye kitanda na cherehani, lakini mwenyewe anakuwa ameshafika Kimanga, kwenye Avenue Mukeke, ambako hakuna mtu anayeweza kufika kwa miguu tena. Mwaka ule ziwa lilipanda, likaingia mtaani polepole kama mgeni mwenye adabu, likaketi sebuleni kwa watu, na mpaka leo halijaaga. Siku maji yakitulia, ukisimama ufukweni utaona vichwa vya kuta mbili tatu, na baada ya hapo ni maji matupu mpaka milima ya Burundi.

Safari yenyewe haina nauli. Anaiweka simu juu ya meza ya cherehani, anafumba macho, anabonyeza sauti ya kwanza.

"Minye Pitchou, nyumba ya kwanza, ku barabara kubwa. Niko napangusa pikipiki. Upepo leo iko kidogo."

"Minye Florentine. Niko natwanga majani ya sombe. Mupera wangu umezaa, batoto bakuye kuchuma."

Mpera wa Florentine una miaka mitano chini ya maji, na Florentine mwenyewe anauza nyanya huko juu Lemera. Lakini kwenye kundi hili la WhatsApp hakuna anayemkumbusha. Desturi ndiyo hiyo: kila mtu anasema kwa zamu, "minye", yaani mimi, kisha jina, nyumba kwa nyumba, kutoka barabarani hadi ziwani, na anaeleza angekuwa anafanya nini asubuhi hii kama maji yasingekuja. Ilianza wiki ile ya mafuriko, watu wametawanyika kwenye madarasa na makanisa. Mwalimu Cyprien, mstaafu anayependa mistari kuliko anavyopenda chakula, aliwaamuru waitikie kwa mpangilio wa nyumba ili asisahaulike mtu. Mwito ule ukageuka matembezi, na matembezi hayajakoma.

Laurette hutembea nao akiwa amefumba macho. Anasikia harufu ya ndagala walioanikwa, anakanyaga lile dimbwi lisilokauka hata kiangazi, anapishana na kuku. Nyumba ya kumi na saba ni yake. "Minye Laurette, niko nafungua mulango," anasema, kisha anakawia ndani.

Wenzake hudhani anakililia kiwanja. Hawajui. Mumewe Gracien, fundi wa mashine za mitumbwi, alipofariki, Laurette aliendelea kumpa habari za siku. Kila saa tisa mchana, mguu ukiwa kwenye cherehani, alimsimulia kwa sauti nani kaoa, nani kagombana na nani, kitenge gani kimeharibika, na mwisho akauliza, "Umesikia, Gracien?" Na katika miezi ya mwisho kabla ya maji, cheka ukitaka, alijibiwa. Si kila siku. Sauti ndogo, ya upande wa ukutani: "Nimesikia." Hakuinuka kwenda kutazama. Wewe ungeinuka? Hakumwambia mchungaji, hakumwambia dada yake. Kasenga amejaribu mara nyingi, anauliza, anangoja, anasikia pikipiki za watu tu. Ndiyo maana Avenue Mukeke ni mali yake kuliko dhahabu, na ndiyo maana wageni walipoanza kumiminika kundini alishikwa na hasira isiyo ya kawaida yake.

Kosa lilikuwa la Pitchou. Alimpa abiria wake mmoja kiungo cha kuingilia, abiria akawapa binamu zake, na binamu wa Uvira unawajua, hawaishi. Kufika Pasaka nyumba arobaini na moja zilikuwa na watu mia tatu. Akaja muuza pomadi. Akaja nabii mwenye sauti za dakika ishirini. Akaja kijana wa Bujumbura aliyedai kwao ni kati ya nyumba mbili ambazo hata bata asingepita katikati. Matembezi ya nusu saa yakawa yanafika adhuhuri kabla hayajaliona ziwa.

"Groupe bila mulango ni soko," alisema Mwalimu Cyprien. "Tufunge."

"Mwalimu, batu banatafuta fasi ya kukaa," Pitchou akajibu. "Ziwa haikuuliza mutu jina mbele ya kuingia."

"Na siye hatuko ziwa."

Laurette ndiye msimamizi wa kundi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa walipewa jembe wakaligeuza kiti. Aliwaondoa mchana mmoja, mmoja baada ya mwingine, sindano ikiwa mdomoni. Kisha akaweka sheria: anayetaka kuingia awe na shahidi kati yetu, na shahidi aseme mbele ya wote alimjuaje mtu huyo pale avenue. Asiye na shahidi abaki nje.

Zikapita wiki mbili tamu. Halafu ukamjia ujumbe kutoka kwa mwanamke anayeitwa Inamahoro. Alisema alikuwa mpangaji kwa marehemu Eugène, kwenye kile chumba cha uani, na kwamba humo ndimo alimomzaa binti yake, Délice. Sasa Délice ana miaka mitano na anauliza alizaliwa wapi. Mama akimwonyesha ziwa, mtoto anakasirika, kwa sababu shuleni wameshaanza kumwita mtoto wa samaki. Mume alikwenda Kalemie, simu haipatikani. "Natafuta mutu mumoja tu," aliandika, "mwenye kumuambia mutoto: ndiyo, kulikuwa nyumba, na weye ulizaliwa mu ile nyumba."

Laurette aliguna. Chumba cha uani cha Eugène kilishiriki ukuta na nyumba yake. Alimwona mwanamume mmoja tu akitoka humo alfajiri na kurudi jioni, mwanamke hakuwahi kumwona. Akamuuliza: mlango wa Eugène ulikuwa na rangi gani? Sijui. Kwa Florentine kulikuwa na mti gani? Sijui, Mama, sikuona.

"Fasi ambayo haukuona, haukukaa," Laurette akamwandikia, na akaendelea kupiga upindo wa gauni.

Kesho yake ilikuja sauti, ndefu, yenye aibu.

"Jambo, Mama. Unisamehe. Mimba mbili zilitokaka. Ya tatu, docteur akasema: ulale mupaka uzae. Nililala miezi tano mu kile chumba, nikazaa wiki ile maji iliingia, wakati batu bote banahama. Avenue sikuiona, niliisikia tu. Kulikuwa pikipiki yenye kukataa kuwaka, mwenyewe anaitukana, kisha anaiomba pardon. Kulikuwa mama wa kuita mbuzi yake kwa jina la mutu. Na ku ukuta wangu kulikuwa mama fundi wa cherehani. Saa tisa alikuwa anaongea na bwana yake. Ule bwana alikuwa mukimya, Mama, sijaonaka! Sikusikia sauti yake hata siku moja. Mama anamuambia habari zote, anauliza, 'Umesikia?' na bwana ananyamaza. Ilikuwa inaniuma. Siku zingine nilikuwa namujibia ule bwana, polepole: 'Nimesikia.' Sijui kama mama alikasirika."

Mguu wa Laurette ulisimama juu ya cherehani. Alisikiliza tena, na tena, akitumaini kwamba mara ya tatu yule mwanamke atasema kitu kingine. Kisha ikamjia kwamba Gracien amekufa. Alikuwa amemzika miaka minane iliyopita, lakini alimfia siku ile, saa nne asubuhi, katika chumba cha kupanga, na gauni la mteja mapajani.

Angeweza kuufuta ujumbe. Sheria ilikuwa upande wake, na shahidi hakuwepo. Siku mbili hakuitikia zamu yake, nyumba ya kumi na saba ikarukwa. Alimchukia Inamahoro kama mtu anavyomchukia mwizi, na alijua kabisa kwamba hakuibiwa kitu. Lakini siku ya pili jioni, akitia uzi kwenye sindano, alimwona akilini yule msichana: amelala chali miezi mitano, haruhusiwi hata kuinuka, hofu ya mimba ya tatu imemkalia kifuani, na bado akabakiwa na pumzi ya kumjibia mume wa mtu mwingine. Laurette akaona haya.

Asubuhi iliyofuata, zamu ilipofika nyumba ya kumi na saba, hakusema kwamba anafungua mlango. Alisema yote. Kwamba alikuwa akiongea na marehemu. Kwamba alisikia jibu, akaamini ni lake. Kwamba jibu lilitoka kwa mwanamke mjamzito nyuma ya ukuta, jina lake Inamahoro, ambaye alizaa pale. "Minye niko shahidi yake," alisema.

Nyumba ya kumi na nane haikuitikia. Wala ya kumi na tisa. Laurette alijua wanacheka, kila mmoja kwake, mwanamke mzima kudanganywa na ukuta. Ndipo ikaingia sauti ya Mwalimu Cyprien, yule aliyetaka mlango ufungwe.

"Mama Laurette. Mulango wangu na wako ilikuwa inaangaliana. Saa tisa ni saa ya habari, na minye bila habari sikai, unanijua. Lakini ile miaka yote, saa tisa nilikuwa nazimisha redio. Na batoto ba jirani tulikuwa tunabafukuza bakacheze mbali. Avenue yote tulikuwa tunajua uko unaongea na Gracien. Tulitaka uongee naye bila makelele." Akakohoa. "Sasa ingiza ule mama na mutoto wake."

Laurette alilia hata mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akaondoka bila kubisha hodi. Alipoweza kuona tena herufi za simu, alimwingiza Inamahoro.