Kondoo Elfu Kumi na Bi Khorshed

Mwanangu, kuna siku moja ya Idi Kubwa, ile ya kuchinja, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unanipata moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasomea uuguzi hapa Birmingham, na ulimi wangu ulichoma kuliko sindano zangu.

Nilipanga chumba mtaa wa Acocks Green kwa Bi Khorshed, Mparsi wa ile dini ya kale ya Irani, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja huku baada ya Mapinduzi. Nikitoka zamu hoi, nilikuta ameniwekea chai ya mdalasini, na alinisemesha Kiswahili cha kwetu hadi nikasahau baridi. Sikuwa na mama mwingine katika nchi hii.

Asubuhi ile kaka yangu alichinja kondoo kwa mkulima mmoja nje ya mji, nami nikamletea Bi Khorshed fungu lake. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitia kwenye friji.

"Leo sili nyama, mwanangu," akasema.

Nikapandwa na hasira, nikidhani nyama yetu inamtia kinyaa. Wiki ile nilikuwa nimeazima maktabani tafsiri ya maandiko yao ya kale, basi nikajitia ujuzi mbele ya wageni wake wawili.

"Mbona dini yenu inachinja! Mashujaa wenu walimtolea malaika wa maji farasi mia, ng'ombe elfu, kondoo elfu kumi. Nimesoma mwenyewe!"

Nikafungua friji, nikachukua nyama yangu, nikapanda nayo juu. Adabu gani hiyo, hata sijui niliitoa wapi.

Siku tatu chai niliikuta mezani, yeye sikumkuta. Niliogopa kwamba nimempoteza. Siku ya nne nikamfuata jikoni, alikuwa anamenya viazi, nikamwomba radhi.

"Sasa niulize lile ulilopaswa kuniuliza siku ile," akasema.

"Kwa nini hukula nyama, mama?"

"Ilikuwa siku ya Bahman, malaika wetu mlinzi wa wanyama. Zipo siku nne kila mwezi, hatuli nyama. Yako ningeila kesho yake. Na hao kondoo elfu kumi nawajua. Babu yangu kule Irani alichinja, akawagawia majirani na maskini. Baba yangu, Unguja, hakuchinja tena. Alipeleka kuni za msandali kwenye moto wetu mtakatifu, basi. Wote wawili nawaombea. Wewe umesoma wiki moja, ukataka kunichagulia babu au baba."

Nililia, mwanangu, na viazi vile nikavimenya mimi.

Basi nakuusia: ukimwona mtu hafanyi kama ulivyosoma, usimkimbilie na kitabu chake. Ndani ya dini yake wamo wazazi wake, na pengine hawakufanana. Muulize kwanza, tena kwa upole, wageni wakishaondoka. Mungu akujaalie ulimi laini, na siku utakapokosea, akukutanishe na mtu atakayekungoja uulize. Amin.