Gunia Lisilojaa

Juzi nilikuwa Same mjini, nimeingia duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya kupe, nikakuta mfuko wa chakula kikavu cha mbwa umefunguliwa, kinauzwa kwa kupimwa. Nikachota kidogo kiganjani, nikanusa. Muuzaji akaniuliza kama mbwa yupo kweli au nataka kula mwenyewe. Tukacheka. Lakini mwenzangu, harufu ile ya pumba na dagaa ilinirudisha Maore kwa bibi, kwenye baraza nililolichukia kuliko mahali popote duniani.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, sukari tunaisikia kwa jina. Mitumba ilipoanza kuruhusiwa, mama alikwenda Lembeni kuuza nguo kando ya barabara, akaniacha kwa bibi "kwa muda kidogo". Bibi aliishi peke yake na mbwa watatu, na bila mbwa wale hakuna mahindi. Nyani walishuka mlimani mchana kweupe, wakavuna kabla yetu, na mbwa mwenye njaa hakimbizi nyani. Kwa hiyo chakula cha mbwa cha kiangazi kilitengenezwa mapema, kikakaushwa na kuwekwa guniani. Mama na bibi walikubaliana hivi: gunia likijaa, napandishwa gari kwenda Lembeni.

Basi nikafanya kazi kama punda. Damu tulipewa na mchinjaji, tukaipika kwa moto mdogo mpaka ikaganda, tukachanganya na pumba za mahindi na vichwa vya dagaa vilivyotwangwa. Majani ya kunde yaliingia mwisho, sufuria ikiwa imeshaipuliwa, maana bibi alisema yakichemka sana yanabaki rangi tu. Tulifinyanga madonge madogo kama kashata, tukayapanga kwenye kichanja chini ya upenu. Kivulini, siyo juani. Hapo ndipo tulipogombana. Jua la Maore lingeyakausha kabla ya saa tisa alasiri. Kivulini, kwa upepo mtupu, yalichukua siku nne. Nikiyasogeza kidogo tu, sauti ilitoka jikoni: "Rudisha kivulini! Jua linakula kabla ya mbwa."

Nikakaa na fimbo yangu, nafukuza kuku, nageuza madonge asubuhi na jioni. Wenzangu walikwenda kuoga mferejini, nikasikia vicheko vyao. Malori yalipita yakitimua vumbi kuelekea Same, nayasindikiza kwa macho mpaka yapotee. Nilijiona mfungwa, na askari wangu ni mwanamke mzee anayeimba nyimbo za kanisani huku anatwanga. Nilimchukia, sikufichi.

Na gunia halikujaa. Wiki hii lilifika kiunoni kwangu, wiki inayofuata limerudi mapajani. Nikasema ni panya. Bibi akasema hapana, chakula kikikauka kinasinyaa. Nikamwamini, kwani nani mwingine alikuwa anajua mambo yale?

Siku moja nilitumwa kuazima ungo kwa jirani, mzee aliyekuja zamani kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mbwa wake, ambao siku zote mbavu zao zilihesabika, walikuwa wamenawiri, manyoya yanang'aa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umwambie bibi asante kwa madonge. Kila Ijumaa ananiletea, hasahau!"

Sikuuchukua hata huo ungo. Nilirudi mbio, nikamkuta bibi anachambua kunde, nikamwuliza huku nalia kwa nini anagawa chakula chetu. Hakukataa. Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Likijaa utaondoka," akasema. "Na hawa mbwa hawajui kuzungumza."

Natamani kukuambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Tangu siku ile nililinda gunia kuliko nilivyolinda kichanja, na Ijumaa nilikaa juu yake kabisa. Bibi hakuligusa tena. Baada ya wiki tatu likajaa, akalishona mdomo mwenyewe, akanisindikiza barabarani na mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa. Ndani ya gari nilikaa upande wa pili, nisilazimike kumpungia mkono.

Aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Nilirudi mara mbili, zote kwa haraka. Siku hizi upenu ule haupo, nyumba yenyewe haipo, na pale Maore sijaona mtu anayemkaushia mbwa chakula. Mbwa anatupiwa makombo ya wali, basi.

Likizo hii nina mjukuu wangu hapa nyumbani. Kila jioni anamlilia mama yake, ananiuliza gari ni lini. Leo asubuhi nimemwambia tiketi za wiki hii zote zimekwisha. Stendi kwenyewe sijafika.