Punje ya Dhahabu Chini ya Naguru

Harufu ya mchanga mbichi uliochanganyika na sabuni ya kufulia hunirudisha kwenye kijito kilichopita chini ya kilima cha Naguru, likizo ile nilipokuwa na miaka kumi. Vita vya nchini mwetu vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na mama mdogo Furaha, aliyekuja kutoka Bunia, ng'ambo ya mpaka, kukaa nasi karibu na hapo, alitaka tu kutuburudisha. Yeye alikulia kwenye machimbo ya dhahabu. Alitufundisha, mimi na binamu yangu Estela, kuchota mchanga kwa karai, kulizungusha majini taratibu na kuacha uchafu mwepesi umwagike hadi ubaki mchanga mweusi. Miguu ilikufa ganzi kwa baridi, nasi tulicheka.

Siku ya nne, kitu cha manjano kiling'aa katika karai langu, kidogo kama kichwa cha pini. Nilipomwonyesha Estela, alinipokonya karai na kupaza sauti, "Mama mdogo, nimepata!" Nilisema ni yangu. Mama mdogo, aliyekuwa akisuuza nguo mbali kidogo, alinitazama kwa huruma. "Usimwonee wivu dada yako." Punje ikatiwa kwenye kichupa cha dawa, na Estela akaitembeza nyumba kwa nyumba.

Sikulia. Nilichukua tupa ya baba, nikakwangua kufuli kuukuu la shaba ya manjano na kufunga unga wake katika karatasi. Jumapili, Estela alipoita majirani waje kumwona akitafuta dhahabu, nilingoja ageuke kuwasalimu, nikaunyunyiza katika karai lake. Alipouona alipiga vigelegele mwenyewe. Mama mdogo akalizungusha karai mara mbili, manjano yote yakamwagika na maji.

"Dhahabu hukaa chini," alisema. "Hii ni shaba. Estela, umeikwangua wapi?"

Majirani walicheka. Estela alilia hadi kwikwi, nami nilishiba kila chozi. Kisha mama mdogo akafungua kichupa. "Na hii sikuitazama vizuri," akasema, akaimwaga kijitoni. Ningeweza kumzuia kwa neno moja. Afadhali ipotee kuliko kuitwa ya Estela.

Leo kijito kile ni mtaro wa saruji uliojaa chupa za plastiki, na watoto wetu humaliza likizo mbele ya televisheni. Mimi na Estela hukutana sokoni Kalerwe, na kuulizana hali kwa adabu za watu wazima. Mwaka jana, tukichagua nyanya, aliikumbuka Jumapili ile.

"Nilisingiziwa, dada," aliniambia. "Mpaka leo inaniuma."

"Najua inavyouma," nikamjibu, nikaendelea kuchagua nyanya.