Mipira mizito niliyomtengenezea Dan ilimharibu kiwiko

Wakuu, niaje. Nimechoka kubeba hii kitu peke yangu, kwa hivyo nitaisema vile ilikuwa, bila kujipamba.

2007 nilikuwa nafundisha secondary moja nje ya Nakuru. Mgeni fulani alituachia gloves na bats, nikaanzisha timu ya baseball. (Ndio, baseball. Wenzangu kwa staffroom walicheka sana.)

Pitcher wangu, yule wa kumrushia mpigaji mpira, alikuwa Dan, form one, miaka kumi na nne, kwao Subukia. Mwembamba, lakini huo mkono!

Nikasoma mahali kwamba pitchers hurusha mpira mzito kwa mazoezi, ndio ule wa kawaida uende mbio. Sikusoma zaidi. Nilipasua mipira ya tenisi, nikajaza mchanga, nikafunga na raba ya tube.

Na ilifanya kazi wakuu. Hiyo ndiyo shida. Wiki chache tu, catcher, yule wa kudaka mipira ya Dan, alikuwa anavua glove anapuliza kiganja.

Siku moja Dan akaniambia, "Mwalimu, kiwiko kinauma kwa ndani."

Nikamjibu, "Hiyo ni mwili inazoea."

Shule zilipofungwa nikampa mipira miwili aende nayo nyumbani. Arushe mara hamsini kila siku.

Halafu uchaguzi wa December ukaharibika, vita vikazuka. Mnajua ilivyokuwa. January shule zilichelewa kufunguliwa, na sikuwa na habari za mwanafunzi yeyote.

Tulipofungua, Dan alikuja na mamake. Mkono haunyooki.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "hawezi hata kukamua ng'ombe."

Niliwapeleka hospitali mwenyewe. Daktari akaangalia X-ray, akaeleza kwamba kwa umri huo mfupa bado unakua, na pale unapokulia ulikuwa umevutwa hadi ukaachana. Akauliza nani alimpa hayo mazoezi.

Nikasema ni mimi.

Tukingoja plasta kwa corridor, Dan akaniambia, "Mwalimu, nisamehe. Ulisema hamsini, mimi nilikuwa narusha hata mia. Hatukuwa tunatoka nje ya boma, nilitaka tu siku iishe."

Mtoto ndiye aliniomba msamaha.

Maumivu yaliisha, lakini mkono haukunyooka kabisa, na hakurusha tena. Timu nayo ikaisha hivyo tu.

Nilichojifunza: mkono wa mtoto haujakomaa. Akisema anaumwa, simamisha kila kitu, hata kama anawashindia mechi.

Kama kuna kocha au mzazi hapa, sema kitu. Hata mkinitusi ni sawa. Nitasoma zote.