Bwana Harusi Asiyefukizwa

Enzi za Mfaransa, nyumbani kwangu Ambanoro, kisiwani Nosy Be, nilikuwa na mmea unaoning'iniza vibuyu kwenye ncha za majani ili kunasa inzi. Ulitoka pwani ya mashariki, nao ulikuwa jike. Shangazi yangu wa Mahajanga alikuwa na wa aina nyingine, kutoka Ushelisheli, na huo ulikuwa dume. Nikaazimia kuifungisha ndoa, nipate mbegu za aina mpya.

Shangazi akanitumia chavua ya dume lake kwa meli, kwa mkono wa baharia, ndani ya karatasi iliyonukia udi. Nikaipaka kwenye maua kwa kijiti cha wanja. Maua yote yakanyauka. Nilipouliza, kumbe alikuwa ameishikilia juu ya chetezo, joto likaiua. Nikamtumia maneno makali kupitia baharia aliyeileta. Naye akanirudishia, kwa Kikomori chake kikali, kwamba kwetu hakuna bwana harusi anayekwenda kwa mkewe bila kufukizwa, na kama mimi nimelelewa porini, si kosa lake.

Hata hivyo, msimu uliofuata alituma chavua isiyonukia kitu. Mbegu zikashika.

Alipokuja kuitazama miche, kila mmoja ulikuwa na kibuyu kidogo kama punje ya mchele. Aliinama juu yake kwa muda mrefu.

"Na watoto je," akauliza, "nao hawafukizwi?"

Nikaenda jikoni mwenyewe, nikapalia makaa, nikakiweka chetezo mbali kidogo na miche, upande unakotoka upepo.